Betri Isiyojua Kusubiri

Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Mteja akisema, "Nataka suruali ya...", yeye keshadakia, "Ya ofisini!" na mkasi umeshapita. Mimi maneno yangu hutoka polepole, basi miaka thelathini na mmoja ananimalizia. Nikianza, "Naomba...", naletewa chai. Mara nyingi nilikuwa naomba asogee kitandani.

Miaka miwili tu iliyopita, moyo wake ulianza kusitasita, akawekewa kifuani betri ya kuusukuma upige. Akapata nafuu. Mwaka huu pumzi zikaanza kumkatika, miguu ikavimba, na cherehani ya kukanyaga ikamshinda. Nikamkuta amekaa mbele ya cherehani hiyo, kimya. Mtu yule, kimya! Niliingiwa na hofu, nikashindwa hata kuitamka.

Kliniki, dada wa vipimo alimwekea kifaa juu ya kifua, akaangalia kompyuta.

"Baba, moyo wako bado unapiga..."

"Vibaya!"

"Wenyewe. Unachelewa kidogo tu, ila betri haiusubiri. Chumba cha chini cha moyo kikijiandaa kupiga, yenyewe imeshakidakia. Mapigo tisini na sita kwa mia ni ya betri, na karibu yote hayakuhitajika. Hayo ndiyo yanayouchosha moyo."

Nilicheka mpaka nikaombwa nikasubiri nje.

Dada akaiongezea betri muda wa kusubiri, akatuambia turudi baada ya miezi mitatu. Tuliporudi, mapigo ya betri yalikuwa matatu kwa mia. Miguu ilishanywea, na siku hiyohiyo cherehani ikaanza kulia tena nyumbani.

"Mama watoto," akasema huku anakanyaga, "kama betri imeweza kujifunza, na mimi..."

"Utajifunza," nikammalizia.

Akanikata jicho. "Haya, sema neno lako. Nasubiri."

"Mume wangu, mimi..."

Akauma futi yake ya kupimia nguo. Macho yakamtoka, jasho likamtiririka. Mteja alichungulia mlangoni, akarudi alikotoka. Nami nikakwama, maana sentensi yangu sijawahi kuifikisha mwisho mwenyewe.

"Mimi..."

Akazidi kuuma futi.

"Niliogopa utakufa."

Futi ikamdondoka mdomoni.

"Na mimi nilidhani," akasema taratibu, "unataka chai."