Nukta Isiyofutika

Dada mtu hutengeneza programu ya kompyuta inayosafisha picha za nyota, na kila akiona kitu cha kutilia shaka huanza kwa kupangusa skrini kwa upindo wa gauni, maana vumbi lililo juu ya kioo nalo hujifanya nyota. Mdogo wake, anayenyonyesha kando yake, anaijua tabia hiyo kama anavyokijua kilio cha mwanawe. Leo toleo jipya lilikuwa litumwe kwa wataalamu. Dada akafungua picha ya zamani, kisha ileile iliyosafishwa upya. Akapangusa kioo. Nukta moja hafifu ilikuwa imetoweka.

"Nukta moja tu, bibie!" bosi akalalama kwenye simu alipoarifiwa. "Watu wanasubiri!"

"Imo kwenye picha za kila usiku, bosi. Si uchafu huo, ni nyota, na programu yangu imeila. Situmi kitu."

"Utaniaibisha!"

"Bora tuchelewe kuliko kuizika nyota nzima."

Dada akarudi kuirekebisha programu yake taratibu, kama anayechambua mchele, mpaka chai ikapoa na mtoto akasinzia. Nukta ikarudi. Dada akaipangusa skrini kwa nguvu zake zote. Haikutoka.

"Umemwona mama yako mkubwa?" mdogo mtu akamnong'oneza mwanawe aliyelala. "Huyo!"