Kigoda Nilichokipata Kisiwani

Hicho kigoda, mwanangu, usikikalie. Vuta kile kiti cha plastiki. Siku niliyokinunua naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kwa kuwa kesho wewe na wenzako mnakwenda kutembea kisiwani kule ziwani, nitakuambia.

Nilikuwa msichana, nauza mitumba hapa Malaba, na mdomo wangu ulijulikana soko zima. Kwaya yetu ya kanisa ikaalikwa kisiwani, tukalala huko usiku mmoja. Pale ufukoni watu waliuza mikeka ya mafunjo, vikapu na samaki wakavu. Kando alisimama mzee mmoja na kigoda kimoja tu, kimelainika kwa kukaliwa.

"Dada, chukua hii. Boti inatoka saa sita na niko na mgonjwa. Bibi ya kijana yangu amezaa, damu haiishi."

Nikacheka moyoni. Malaba kila muuzaji ana mgonjwa. Hata mimi nilishamuua mama yangu kwa mdomo mara mbili ili niuze koti. Nikamtajia nusu ya bei, akakataa, nikafanya tunavyofanya hapa mpakani: nikageuka nikaenda zangu, ili aniite.

"Dada, rudi! Leta tu ya nauli!"

Sikugeuka. Nilijua akiita mara ya pili bei itashuka tena.

Hakuita. Nikazunguka kwa samaki, nikachagua kikapu, na niliporudi boti ilikuwa imeshaondoka. Nyingine ilikuwa ya asubuhi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anatazama maji. Akasimama, akanipa kwa bei yangu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Jioni yote niliwaringia wenzangu.

Asubuhi tulipofika ufukoni kupanda boti, walimleta yule mama aliyejifungua kwenye mkeka, wamemfunika uso. Mzee alitembea nyuma, amebeba kichanga. Nikamkimbilia na kigoda, nalia.

"Mzee, shika. Shika na pesa pia."

"Kaa nayo, dada. Ulitaka kiti, umepata."

Tangu siku hiyo sijakikalia, na kukitupa nimeshindwa.

Kwa hiyo sikiliza. Mkeka nunua kwa aliyeusuka, na uukunjue wote uone kama haujaoza. Samaki wanuse kwanza, usione haya. Bei zungumza, hata wenyewe wanapenda maneno. Lakini ukimwona mtu anauza kitu cha nyumbani kwake, kimoja tu, alichokitumia mwenyewe, usimpe mgongo. Muulize nani anaumwa, umpe anachotaka, umwamini hata kama macho yake yanacheza. Afadhali urudi hapa umedanganywa, nikucheke mpaka tushibe, kuliko urudi mjanja kama mimi.

Haya, nenda. Mungu akuvushe salama, akurudishe salama, na akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo.