Mshale Ulioshuka Kila Alasiri

Enzi za Mjerumani, pale Arusha, mzazi akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, jibu la kumfanya apishwe kigoda lilikuwa moja tu: anajenga. Baba yangu alilitoa jibu hilo hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Na kweli nilikuwa najifunza uhandisi, kwa fundi mkuu wa boma, Mjerumani mwenye masharubu makubwa na subira ndogo. Miaka miwili ya mwanzo, uhandisi ulikuwa kubeba mawe. Mwaka wa tatu nilipanda cheo, nikawa nabeba vipimo.

Baba hakunipeleka huko kwa mapenzi ya madaraja ya Mjerumani. Shamba letu la ng'ambo ya kilima halikuwa na maji, na wazee walikuwa wamekubali kuchimba mfereji mpya kutoka mtoni hadi kwetu. Alitaka mwanawe mwenye elimu ndiye aongoze kazi hiyo.

Sisi Wameru hatukuwa na vipimo. Wazee walifungua maji kidogo pale banioni, yanapochepushwa kutoka mtoni, wakachimba huku maji yakiwafuata nyuma ya jembe. Yakisita, walirudi hatua chache wakachimba upya. Mimi, msomi wa kubeba vyombo, niliuita huo ushamba.

Nikaazima kwa fundi kipimahewa, kidude cha duara chenye mshale. Kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua, na mshale unashuka. Asubuhi nikapima banioni, nikaandika. Kisha nikaanza safari ya kwenda shambani, ila njiani kuna kwa shangazi, na kwa shangazi hupiti bila kula ndizi na kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilifika shambani alasiri. Mshale ulikuwa umeshuka. Maana yake shamba letu lilikuwa juu kuliko banio, na maji hayapandi kilima.

Nikasafisha koo mbele ya wazee, nikawatangazia.

"Una hakika, mwanangu?" baba akauliza.

"Baba, chombo hakidanganyi."

Akawaambia wenzake waweke majembe chini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya mkuu anayesikiliza la mtoto. Kiangazi kikapita. Migomba ikalala. Mama alipanda kutoka mtoni na kibuyu cha maji kichwani, akanipita kila siku, na kibuyu hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Mwishowe baba, bila kuniaga, aliwachukua wazee watatu wakaendelea kuchimba walipoachia, maji nyuma ya jembe. Siku ya tisa yakaingia shambani. Inaonekana maji hayakuwa na habari za mshale wangu. Mbuzi akachinjwa, nami nikapewa kipande changu kwa heshima zote anazopewa mgeni.

Niliona aibu mpaka nikakichukia kile kidude. Nilikiweka mezani katika banda la vyombo pale boma, nikakichunga kama mwizi. Asubuhi mshale ulikuwa juu. Alasiri ukashuka. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Meza haikuwa imepanda kilima chochote. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipungua na kurudi, na mimi siku ile nilikuwa nimepima saa za shangazi.

Nikamuuliza fundi kwa nini.

"Fundi haulizi kwa nini," akasema. "Fundi anauliza ngapi. Pima sehemu zote mbili kwa saa ile ile, basi."

Dawa yake ilikuwa sahihi, na ilitosha kabisa kujengea daraja. Mimi haikunitosha. Nililala nayo, nikala nayo, nikadondosha jiwe kwenye kidole changu cha mguu nikiiwaza.

Pale misheni palikuwa na mwalimu, Mjerumani pia, aliyeandika kila siku joto, mvua na uzito wa hewa. Nikamuuliza swali lile lile. Akafikiri sana, akasema, "Sijui. Njoo tuandike pamoja." Sikuwahi kumsikia Mjerumani akisema hajui. Mwezi huohuo nikahamia kwake. Fundi alicheka mpaka masharubu yakatikisika, baba hakucheka.

"Umeacha kujenga?"

"Ndiyo, baba."

"Huko misheni unajenga nini?"

"Sijengi kitu. Natazama mshale."

"Ule ule?"

"Ule ule, baba."

Akainuka, akaenda kwenye migomba yake. Tangu hapo, wakimuuliza habari zangu, alijibu, "Yuko misheni," kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa.

Miaka ikapita, madaftari yakajaa. Siku moja nilimkuta baba amekaa kando ya mfereji wetu, miguu majini, amezeeka kuliko nilivyotegemea. Nikamwamkia. Nikakaa kando yake, nami moyoni nilikuwa bado namwomba radhi kwa kiangazi kile.

"Umeshajua kwa nini unashuka?" akauliza ghafla.

Miaka yote ile sikujua kama alikuwa amelibeba swali lile na yeye.

"Bado, baba. Nimejua nusu."

Akatikisa miguu, akakausha kidole kimoja kimoja.

"Basi rudi ukautazame," akasema. "Maji tumeshapata."