Umba na Mtoto Asiyeogopa

Siku ya chanjo, watoto wote kwenye benchi walikuwa wakipiga kelele. Théo aliitazama tu ile sindano, kisha akanyoosha mkono aishike. Akina mama wakacheka, na Umba, mama yake, akacheka pamoja nao. Lakini moyo ulimshtuka. Macho yale aliwahi kuyaona.

Yalikuwa macho ya Nkongolo, kaka yake. Kule kwao Kinkondja, Nkongolo ndiye aliyeogelea penye mamba, akapigana na walimu, kisha akaenda mjini kudandia mabehewa ya treni yakiwa mbioni. Siku moja karibu na Kamina, mji wa reli ambako Umba baadaye aliolewa, mkono ulimteleza akaanguka. Alizikwa kabla ndevu hazijamwota vizuri.

Théo alipojua kutembea, alikwenda zake moja kwa moja, hageuki kuangalia kama mama yupo. Wafanyakazi wa reli walimrudisha nyumbani zaidi ya mara moja. Walimkuta amekaa katikati ya reli akichezea kokoto. Mdogo wake Nday, msichana, alijificha ndani ya kitenge cha mama hata kwa mlio wa pikipiki. Baba mmoja, mama mmoja, sahani moja. Umba aliwatazama wanawe hao wawili na hakujua kwa huyu alikosea nini, wala kwa yule alipatia nini.

Kalunga, baba yao, alikuwa seremala, na mtaani alisifiwa kwa upole. Kwa Théo aliamini fimbo. Mtoto alisimama akapigwa bila kutoa machozi, mpaka baba akachoka mkono. Kesho yake Théo akaitwaa fimbo ileile na kumcharaza Nday.

Umba akaenda kwa Mama Priscille, muuguzi wa kituo cha afya.

"Kuko batoto banazaliwaka hivi," Priscille alimwambia. "Inatoka mu damu. Haiko bulozi, hakuna mutu alimuroga, haiko kosa yako."

"Basi atakuwa sawa na kaka yangu Nkongolo?"

"Sikusema vile, Mama. Damu peke yake haimalizake bintu yote. Lakini ambia papa yake aache fimbo. Mutoto haogopake, fimbo itamufundisha nini? Kupiga tu."

Kalunga aliyasikia hayo, akaendelea kupiga randa ubao wake. Basi Umba akamfungia mtoto nguo zake, akampeleka Kinkondja kwa babu yake mzaa mama, mzee Kabange, mvuvi.

Mzee hakumpiga hata siku moja. Alimpa kazi: nyavu zikinasa chini, mahali ambapo vijana wakubwa walisita, Théo ndiye aliyezama kuzinasua, na babu akiwa juu ya mtumbwi ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Wakirudi, alimsifu mbele ya watu. Umba alipokwenda kumtembelea, Théo alimkimbilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamvuta mkono hadi kwenye vichanja vya samaki.

"Mama, angalia! Hii yote, njo miye nilitoa mu maji!"

Umba alirudi Kamina akiimba njia nzima.

Kisha mzee Kabange akafa. Kalunga akasema mtoto wake ana nyumba ya baba, na Théo akarudishwa. Shule ilimngoja, na fimbo pia. Alitoroka masomo, akapigana sokoni, shule ya kwanza ikamfukuza, ya pili nayo ikamfukuza. Alipokuwa mrefu kumpita baba yake, Kalunga akaacha kumpiga. Si kwamba alimsikiliza Priscille; aliogopa kurudishiwa.

Alasiri moja karibu na stesheni Théo aligombana na Papy, mtoto wa mwanajeshi wa kambini, kisa baiskeli. Théo akaokota kipande cha chuma. Papy akapoteza jicho.

Umba alikwenda kambini peke yake. Marie-Thérèse, mama yake Papy, hakumkaribisha ndani.

"Weye, ulimulea namna gani huyu mutoto?"

"Na mikono yangu yote mbili, dada," Umba akajibu. "Haikutosha."

Marie-Thérèse akaufunga mlango polepole.

Théo akafungwa. Umba na Kalunga walimpelekea gerezani bukari, ule ugali wa kwao, na samaki. Alikula vizuri, kama mtu aliyetoka kulima. Kalunga alimwangalia akitafuna, akajikaza, akasema:

"Théo, unisamehe."

Théo akainua uso. "Juu ya nini, Papa?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kwa sababu hakujua. Kalunga akatoka nje haraka.

Umba alipomfuata alimkuta ameegemea ukuta, akilia. Angeweza kumwambia kwamba kosa ni la damu. Angeweza kumwambia kwamba kosa ni la fimbo. Akasimama kando yake, sufuria tupu mkononi, akamngoja amalize kulia.