Nimechoka Kushukuru

Shangazi yangu hakuwahi kupigilia msumari ukutani. Nguo zake alizitundika kwenye kamba iliyotoka nondo za dirisha hadi juu ya mlango, na kioo alikiegemeza juu ya kabati. Ukimuuliza, atakwambia ukuta una mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na karibu utu uzima wake wote aliumalizia katika chumba kimoja cha pembeni, kwenye nyumba ndefu yenye choo kimoja na bomba moja uwanjani.

Katika nyumba ile neno mpangaji lilitumika kutwa. Mwenye nyumba akiingia alisema, "Wapangaji wangu, hamjambo?" Wenyewe waliitana "mpangaji mwenzangu" wakipeana zamu ya kufagia uwanja. Wakigombea kamba ya kuanikia, neno hilohilo liligeuka kofi: "Kwani wewe nani hapa? Si mpangaji tu!" Shangazi alilipokea vyovyote lilivyokuja. Akiulizwa yeye ni nani pale, hakutaja jina wala kazi. Alijibu, "Mpangaji," akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mwenye nyumba alipofariki, wanawe waliuza nyumba, na mnunuzi akataka vyumba vitupu. Kaka yangu, ambaye kati yetu ndiye pekee aliyejenga, alikwenda kumchukua. Nilifuatana naye.

"Shangazi, fungasha. Kwangu kuna chumba kimekaa bure."

"Utanipangisha?"

Kaka alicheka hadi akakohoa. "Nikupangishe wewe? Watu waseme nimemgeuza shangazi yangu mpangaji?"

"Kwani mpangaji ni tusi?"

"Si tusi, lakini jamani..."

"Mpangaji anabishiwa hodi, baba. Akitakiwa kuondoka anaambiwa mapema. Mgeni je? Mgeni kazi yake kusoma nyuso za watu."

"Shangazi nawe kwa maneno! Haya, utakuwa mpangaji wa kula bure."

Hakucheka. Alianza kuvua foronya za mito, polepole, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Kwa kaka hakukosa kitu. Wifi yangu ni mwema, sitamsema vibaya. Asubuhi shangazi akishika ufagio, wifi aliuchukua mkononi mwake. "Shangazi, utatuaibisha! Kaa upumzike." Cherehani ilifunikwa kitambaa isiingie vumbi. Baadaye juu yake pakawekwa feni, kisha nguo za watoto zilizokwisha kupigwa pasi. Watoto waliingia chumbani kwake kutafuta chaja, wakatoka, mlango wakauacha wazi. Hakuna aliyekosea. Ndivyo ndugu wanavyoishi. Lakini yeye alianza kuomba ruhusa ya kuoga. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Nitafutie chumba," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Shangazi, hapa si kwenu?"

"Ni kwao. Mimi nimechoka kushukuru, mwanangu. Kikombe cha chai, asante. Maji ya kuoga, asante. Hata mdomo unauma."

Kaka aliposikia, alinuna. "Watu watasema nimemfukuza!"

"Waambie nimehama," shangazi alisema. "Wapangaji huhama. Sasa nishikie cherehani huku, usije ukaiangusha."

Kaka aliishika.

Chumba nilichompatia kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kidogo, chenye giza hata mchana. Kodi alijilipia mwenyewe kwa kushona sare za shule. Chumba cha pili alikaa mlinzi wa usiku, mwanamume wa makamo, ambaye siku hiyohiyo alimpokea kwa utani.

"Mpangaji mpya ndiye anayeanza kufagia."

"Nani kakwambia? Mpangaji mpya anapumzika kwanza!"

"Wapi umeona sheria hiyo?"

"Nilikotoka," alisema shangazi, na huku ufagio keshaushika.

Hakupona uchovu. Nilidhani angechangamka, ila mwili ulikuwa umekwisha kazi. Miguu ilivimba, akawa anashona kidogo na kulala sana. Mlinzi alimchotea maji, na yeye akamshonea vifungo vya koti lake la kazini. Hawakushukuriana; walihesabiana zamu tu, kwa kelele.

Mara ya mwisho nilikwenda mchana, jua kali. Nilibisha hodi, nikangoja hadi aliponiambia niingie. Alikuwa amelala chali, macho yakitazama bati. Nilimsihi arudi kwa kaka, walau mpaka apate nguvu. Alitikisa kichwa. Nikamsogezea maji, nikamtandikia shuka vizuri, nikakaa naye kidogo. Niliposimama na kushika mlango, alinyoosha kidole kuelekea ukuta wa chumba cha pili.

"Rudishia taratibu, mwanangu. Mpangaji mwenzangu amelala."