Sarafu Kwanza

Mama wa chooni, pale stendi ya nchi ya watu, hakuinua macho. Alikuwa akikata karatasi vipande sawasawa, kila kimoja akikilaza kando ya kopo la sarafu kama anayelaza mtoto. Msafiri, miguu imepishana, alimnyooshea noti ya kwao.

“Shikamoo mama. Nimebanwa, nakufa!”

“Marahaba. Hiyo ya kwenu haipiti hapa. Sarafu.”

Mara mama akainuka, akatoa sarafu mfukoni mwake. Msafiri akashusha pumzi. Mama akaitumbukiza koponi. “Nami nimebanwa tangu asubuhi. Niangalizie,” akasema, akaingia, akajifungia. Choo chenyewe kimoja.

Msafiri akabaki akirukaruka kando ya kopo. Mwanamke mwingine akaja mbio, akitaka kupita.

“Hapiti mtu,” msafiri alijikuta akisema, amejikunja. “Sarafu kwanza.”