Sauti ya Dada kwenye Kioo Kidogo

Kazi yangu mjini Arua ni kuchora skrini za simu: mtu abonyeze wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, picha ikae upande gani. Kila nilichochora nilikituma kwanza kwa dada yangu mkubwa, mkulima wa kijijini Kuluba, kwa sababu simu yake ilikuwa ya bei ya chini kabisa, kioo kidogo, chenye nukta chache. Picha iliyong'aa kwenye kompyuta yangu, kwake ilikuwa ukungu.

"Hii iko nini?" angenipigia kuuliza. "Iko kuku ama iko sufuria?"

Nilichora upya, mistari minene, nyeusi juu ya nyeupe, mpaka aitambue. Yeye hakwenda shule. Mimi nilisoma kwa jembe lake.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Daktari wa Arua alitueleza kwamba watamtoboa tundu shingoni ili apumue, na sauti haitarudi. Kabla ya upasuaji niliketi kitandani kwake na simu yake mkononi. Nilikuwa nimemchorea skrini chache, kila moja na picha moja tu iliyojaa kioo kizima.

"Sema unachotaka kuomba, dada. Nitaweka sauti yako hapa."

Kwenye picha ya kikombe alisema, "Leta maji." Kwenye mto, "Geuza mimi." Kwenye nyumba akasema, "Peleka mimi nyumbani."

Baada ya hapo akawa anaongea kwa kidole. Mwanzoni sista wa wodi alishtuka kusikia mgonjwa aliyefunga mdomo akiomba maji. Lakini siku zilivyokwenda, dada alibonyeza nyumba tu. Anabonyeza, ananitazama. Daktari aliposema hana la kuongeza, tukampitisha Koboko hadi Kuluba. Alifia kwenye mkeka wake, mumewe amemshika mkono.

Tulipokwisha kuzika, sista alinipigia. Amelazwa mama mwingine, kutoka Inde, naye ametobolewa; je, ningempa zile skrini? Kwenye nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yangu nikaondoa sauti ya dada, picha baada ya picha, nikaweka ya sista. Nililia palepale ofisini, wenzangu wakijifanya hawaoni. Nikamtumia sista.

Simu yenyewe ya dada, ikiwa bado na sauti yake, nilimrudishia shemeji. Alikaa mlangoni akaniomba nimwonyeshe, kisha akabonyeza mwenyewe.

"Leta maji," dada akasema.

Shemeji alizipitia zote mpaka ya mwisho.

"Ingine iko?"

"Hakuna, shemeji. Ni hizo tu."

"Ile ya kuita mimi?"

Nilitikisa kichwa. Hatukuirekodi. Shemeji alikuwa kando ya kitanda kila siku. Dada hakuwa na haja ya kumwita.

Shemeji alifuta kioo kwa ncha ya shati, akabonyeza kikombe tena.